Mkaidi Hajapiga Magoti

11 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama mbele ya meza yako ya useremala, si umelala kitandani na kile kiuno. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha. Bado nimepanga chumba kilekile juu ya duka la magodoro, na kazi ni ileile ya kukagua mizani. Naingia dukani na sanduku langu la mawe ya kupimia, mwenye duka ananiona, na ghafla mizani yake imeharibika, au imeazimwa na shemeji. Juzi muuza mchele mmoja aliikalia yake. Alitandaza gauni vizuri, akaniambia yeye hupima kwa macho. Nikavuta kiti nikamsubiri ainuke. Unanijua mimi kwa kusubiri.

Mwambie Mama Mkubwa nimepata dawa yake ya macho, nitaituma na mtu. Mama mwambie nakula.

Sasa jambo lenyewe. Tangu tumzike Baba sijaliandika kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia katikati. Katika Kesi ya Jogoo, mchezo wetu wa tamasha, mchezaji akifa nafasi yake huchukuliwa na mtoto wake. Ndivyo ulivyopata kiti cha Hakimu kwa Babu. Ndivyo mchinjaji alivyompata Bwana Mwenye Jogoo kwa baba yake. Baba alikuwa Mkaidi, na Baba alizaa mtoto mmoja. Nimehesabu mara mbili.

Najua utasema Mkaidi ni mwanamke anayechezwa na mwanamume, na kwamba tangu tamasha la kijiji lianze hakuna mwanamke aliyepanda jukwaani. Lakini mchezo wote ninao kichwani. Bwana anadai jogoo wake ndiye anayelichomoza jua. Mkaidi anasema jua litachomoza hata jogoo akiwa chunguni. Anashtakiwa, mashahidi wanakuja na uongo wao, na Hakimu anamwamuru mara tatu apige magoti akiri kosa. Ngoma hailali mpaka magoti yaguse mbao. Yakigusa, kimya, mchezo umekwisha, na wauzaji waliokuwa wamekatazwa kuuza wanafungua vibanda. Nikiwa peke yangu chumbani nausema wote, sauti ya Baba, sauti yako, hata kukohoa kwako kabla ya hukumu. Mwenye duka la magodoro anadhani naishi na wanaume.

Nataka nafasi ya Baba. Mwezi wa saba nitaomba likizo. Nijibu.

Mwanao,
Msumari


20 Aprili

Msumari mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi, ikakaa chini ya kopo la gundi, na ndiyo maana kona moja haisomeki. Usinune. Hapa wote tunapumua. Mama yako amepanda maharage nyuma ya nyumba na yametoka vizuri kuliko yangu, na haachi kunikumbusha. Mama Mkubwa wako anasubiri hiyo dawa ya macho, ingawa mimi naona macho yake yana nguvu ya kutosha, maana jana aliona kutoka jikoni kwamba nimeweka sukari mara ya pili.

Nina kazi ya madawati ya shule. Mwalimu mkuu anataka yenye migongo. Nimemwambia mtoto akiegemea anasinzia. Kasema hata yeye anasinzia bila kuegemea, kwa hiyo nimtengenezee tu. Mbuzi wa jirani kala karatasi yangu ya vipimo, nikaanza upya.

Simu uliyoniletea ipo. Huwa naitazama kujua saa. Mtu akipiga huwa nina msumari mdomoni.

Kuhusu lile jambo lako, tutaongea. Mbao za jukwaa zenyewe zimeoza, sijui hata kama mwaka huu mchezo utakuwepo. Wewe shughulika na kazi yako. Huyo muuza mchele hatimaye aliinuka? Na je, huko mjini hakuna hata mtu mmoja wa kukaa naye badala ya kusema peke yako?

Baba yako mkubwa,
Fundi


29 Aprili

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nafurahi kwamba maharage ya Mama yanamea. Dawa ya macho imeondoka na dereva wa lori la saruji, mtu mwaminifu, atauliza karakana yako. Muuza mchele aliinuka. Mizani ilikuwa pungufu.

Umeniandikia habari za mbuzi, za sukari, za migongo ya madawati, na jambo langu limepata neno moja, "tutaongea". Kazi yangu, Baba Mkubwa, ni kumtambua mtu aliyekalia kitu. Wewe umekalia kitu.

Na hizo mbao. Kijiji kina seremala mmoja, na seremala huyo ndiye Hakimu, na Hakimu huyo ananiambia jukwaa limeoza. Ningekuwa shahidi kwenye mchezo watu wangenizomea kwa uongo wa namna hiyo.

Sikuandikii ili nikuudhi. Baba alipokuwa anaumwa nilikaa naye, na siku alizokuwa na nguvu tulikuwa tunaucheza, yeye akiwa amelala na mimi nimesimama mlangoni na shuka kichwani. Alinisahihisha. Alisema nafika haraka kwenye hasira, kwamba Mkaidi hakasiriki, Mkaidi anashangaa tu kwamba wenzake hawaoni. Hakuniambia nichukue nafasi yake. Hakuniambia nisichukue. Lakini mtu hamsahihishi mtu bure.

Jibu ni neno moja. Ndiyo au hapana.

Msumari


17 Juni

Msumari,

Marahaba. Dawa imefika, Mama Mkubwa wako anashukuru. Sote wazima.

Umetaka neno moja. Hapana.

Nitakupa na mengine, kwa sababu wewe ni mtoto wa mdogo wangu na sitaki uyapate barabarani. Tulikaa kikao hapa karakana, mimi, mchinjaji, fundi baiskeli anayetupigia ngoma, na wengine. Nafasi tumempa kijana wa mchinjaji, yule Kidevu. Amefuga ndevu kwa ajili hiyo. Mwanamume mwenye ndevu akivaa gauni akalia kwa sauti nyembamba, watu wanacheka. Wewe ukivaa gauni, umevaa gauni. Baba yako alipokuwa akipiga magoti, watu walimwona mwanamume anaigiza. Wewe ukipiga magoti wataona mwanamke amepiga magoti, na hilo wanaliona nyumbani kila siku, halihitaji jukwaa wala ngoma. Hakuna atakayecheka. Na mchezo usiochekesha si mchezo, ni kesi ya kweli.

Kuna sababu nyingine, ila si ya kuandika.

Mbao nimezibadilisha. Gauni la baba yako liache sandukuni lilipo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe nakujua tangu ulipokuwa unakataa kunyonya. Kaa huko, fanya kazi. Tamasha likipita nitakuandikia lilivyokuwa.

Baba yako mkubwa


6 Agosti

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nilifika salama huku mjini. Niliondoka alfajiri bila kukuaga, na kwa hilo nimekosa. Kwa hilo tu. Guu ninalo zima, na magoti yote mawili.

Uliahidi kuniandikia tamasha lilivyokuwa. Sijapata kitu, basi nitakuandikia mimi. Ulikuwepo, lakini ulikuwa juu ya kiti na mimi nilikuwa chini kwenye umati, na mambo huonekana tofauti.

Nilifika kwa Mama jioni ya kuamkia tamasha. Hakuniuliza nimefuata nini. Gauni alikuwa ameshalitoa sandukuni, amelipunguza mabega na kulipandisha pindo kwa kipimo changu. Alinitazama nikilijaribu, akasema, "Geuka." Nikageuka. Akasema chakula kiko mezani.

Unajua Mkaidi hatokei nyuma ya pazia kama wengine. Hakimu anaita, "Mkaidi yuko wapi?" na Mkaidi anainuka kutoka katikati ya watu, kwa sababu anaweza kuwa yeyote. Ulipoita, nilivua kanga niliyojifunika nikainuka. Na upande wa pili wa uwanja akainuka Kidevu, na gauni lake jipya la maua. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Mwaka huu wamezaliana." Umati ukaangua kicheko, ukakikosa kile ambacho Kidevu aliniambia tulipokutana chini ya jukwaa. Alisema, "Dada, mwenyewe umekuja? Afadhali. Hii sidiria inanitesa tangu asubuhi." Akakaa chini papo hapo, akaanza kujifungua mgongoni. Usimwonee hasira.

Nilipanda nikiwa na tope mpaka kwenye pindo. Mchinjaji akanisogelea na jogoo wake kwapani, akaninong'oneza, "Shuka, usituharibie." Nikamjibu kwa sauti ya juu, maana Mkaidi hanong'oni, "Bwana Mwenye Jogoo ananiomba nishuke. Kumbe anajua jua litachomoza." Ulisema hawatacheka. Walicheka. Walicheka kwa mashahidi, walicheka jogoo alipomnyea mchinjaji kwenye mkono, walicheka nilipomuuliza Bwana kama siku za mawingu jogoo wake huwa na mafua.

Kisha uliamuru mara ya kwanza. "Piga magoti." Ngoma ikaanza. Nikasimama, na watu wakacheka wakidhani nachelewesha kama Baba alivyokuwa akichelewesha, goti linashuka, linapanda, linashuka. Uliamuru mara ya pili. Wanawake waliokuwa karibu na kibanda cha chai ndio walioacha kucheka kwanza. Kisha wote. Hapo ndipo nilipoogopa.

Niamini, Baba Mkubwa. Nilikuja nikiwa nimeamua kupiga magoti. Nilitaka nafasi ya Baba, na kupiga magoti ni sehemu ya nafasi ya Baba. Lakini nilizitazama zile mbao zako mpya, jinsi ulivyozilainisha, nikafahamu kwamba nikizigusa watu wote wale watanunua chai yao wakiwa wameridhika kwamba jogoo ndiye analeta jua, na mwanamke aliyesema vinginevyo amenyamazishwa vizuri. Kwa Baba ilikuwa mzaha, kwa sababu alivua gauni akarudi kuwa mwanamume. Mimi nikivua gauni nabaki yuleyule. Umesema kweli kwenye barua yako. Ulichokosea ni kudhani kwamba hiyo ni sababu ya mimi kutopanda.

Nikaingoja amri ya tatu. Nilikuwa tayari kwayo. Ulifungua mdomo, na haikuja. Ukateremka kwenye kiti, ukapita katikati ya watu ukaenda zako, na joho la Hakimu likiburuta nyuma yako.

Fundi baiskeli aliendelea kupiga ngoma, maskini, hakuna aliyemwambia aache. Akachoka, akapokewa na mwingine, naye akachoka. Wauzaji wakaanza kufungua vibanda kimyakimya, wametupa mgongo, kama watu wanaoiba mali yao wenyewe. Nilisimama mpaka uwanja ukabaki na Mama peke yake kwenye benchi.

Kwa nini hukuamuru ya tatu?

Msumari


30 Septemba

Msumari mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, najua. Kiuno kilinilaza, kisha kikaniinua, kisha yakaja madawati. Mwalimu mkuu kapata migongo yake. Mama Mkubwa wako sasa anaona mpaka ninachofikiria. Mama yako ameuza maharage yote na mimi ndiye niliyeyanunua, yangu yameliwa na wadudu.

Umeuliza kwa nini sikuamuru ya tatu. Vumbi liliniingia kooni. Hayo ndiyo yote.

Kijiji umekiacha kibaya. Wanawake kisimani wanaitana Mkaidi. Mchinjaji alimwambia mkewe amletee maji ya kuoga, mkewe akamjibu, "Amuru mara tatu." Akaamuru. Mkewe akamwambia, "Basi sasa nenda kachote." Amekuja kunilaumu mimi, nikiwa na kazi zangu, eti nimemharibia nyumba.

Ndipo tukakaa kikao. Mchinjaji akasema, "Tumfute. Nafasi arudishiwe kijana wangu, tusahau."

Fundi baiskeli, unamjua huwa haongei, akamuuliza, "Nafasi hubadilishwa mchezo ukiwa unaendelea?"

"Haibadilishwi."

"Marehemu baba yako alishikwa na homa jukwaani. Tukamlaza kwenye benchi, akamdai jogoo wake akitetemeka mpaka mwisho. Tulimbadilisha?"

"Nimesema haibadilishwi. Unataka niimbe?"

"Mchezo huisha lini?"

"Magoti yakigusa mbao."

"Yamegusa?"

Mimi nilijifanya natafuta msasa.

Ndivyo ilivyo, mwanangu. Tumezunguka kote tumekuta hakuna njia. Mchezo haujaisha, kwa hiyo nafasi ni yako, tupende tusipende, na hakuna wa kukuondoa. Hata jukwaa siwezi kulivunja, maana huvunjwa mchezo ukiisha. Liko katikati ya uwanja wa mpira, watoto wanapiga pasi kulizunguka, na mwalimu wa michezo ameacha kunisalimia.

Mchinjaji akaona njia moja imebaki. Akanigeukia, "Basi wewe Hakimu, mwamuru ya tatu hapahapa, asipotii tumhesabu ameshindwa, tufunge mchezo." Wote wakanitazama. Nikamwambia Hakimu hamwamuru mshtakiwa asiyekuwepo. Akasema mimi namwogopa mtoto. Nikamwambia atoke karakana yangu. Ni rafiki yangu tangu tukiwa hatujavaa viatu, na nikamwambia atoke. Kidevu alimfuata baba yake nje, nikamsikia akisema, "Baba, hata mkinipa sitaki. Watanirushia maganda."

Kwa hiyo, kama Hakimu, naagiza hivi. Kesi itaendelea tamasha lijalo pale ilipoishia. Mshtakiwa afike mwenyewe, na gauni lake. Nilipomsomea mama yako maneno haya aliacha kuchambua mboga, akasema, "Vizuri," akaendelea.

Kuhusu ile sababu ambayo niliona si ya kuandika, bado si ya kuandika.

Baba yako mkubwa,
Fundi


9 Oktoba

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Pole na kiuno, pole na maharage. Mimi nimehamia chumba cha pili chenye dirisha, na mwenye duka la magodoro amejua kwamba sauti zote zile ni zangu. Sasa anagonga kutoka chini nikikosea mahali pa Bwana Mwenye Jogoo, maana amekariri.

Wito nimeupata. Nitafika, na gauni langu.

Vumbi halikuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na gauni la Baba nimelifua mara mbili tope halijatoka lote. Sababu yako naijua, na kwa kuwa wewe hujaiandika mimi pia sitaiandika. Nitasema tu kwamba niliona uso wako ulipofungua mdomo, na hakuwa Hakimu aliyekuwa ananitazama, alikuwa Baba Mkubwa.

Ndiyo maana nina ombi. Tamasha lijalo niamuru kama ulivyokuwa unamwamuru Baba. Yeye ulimwamuru mara tatu kila mwaka, kwa sauti ya kubomoa paa, na hukuwahi kupata vumbi. Ukiniachia kwenye ya pili, watu watasema mtoto amesamehewa na baba yake mkubwa, na jogoo atakuwa ameshinda bila kuwika. Sitaki kusamehewa. Sijamkosea mtu.

Nikikataa na ya tatu, sijui mchezo utaishaje. Wewe hujui, mchinjaji hajui, na fundi baiskeli itabidi atafute watu wa kumpokea ngoma. Tutaona hapo hapo jukwaani, mbele ya kila mtu, na wauzaji wasubiri.

Kwa hiyo ukohoe kwanza, usafishe koo, kisha utoe amri zote tatu. Na ile ya tatu, Baba Mkubwa, iseme kwa nguvu kuliko nyingine, ili hata walio nyuma kabisa wasikie ni nini ninachokikataa.

Msumari